Kidakuzi Si Mdaku

Weka simu yako kwa Kiswahili, fungua Chrome, ingia kwenye mipangilio, na huko ndani utakutana na neno vidakuzi. Ndiyo tafsiri ya kile ambacho sisi tunaoandika kodi (ile ya kompyuta, ya nyumba tunaandikiwa) tunaita kuki. Mimi nikilisikia hilo neno nasikia udaku. Mdakuzi ni yule jirani wa ghorofa ya pili anayejua umepika nini, umeingia na nani, na mtungi wako wa gesi uliisha siku gani. Kwa hivyo kitu chenyewe kimeshahukumiwa kabla hakijafungua mdomo. Mtumiaji wa kawaida akiona neno hilo kwenye skrini anabonyeza "kataa" hata kabla ya kusoma, na simlaumu.

Ninaowalaumu ni madevelopa. Kuna kizazi kizima hapa Nairobi, na Mombasa, na Kisumu, na Eldoret, kilichojifunza kazi hii kwa video za YouTube na mafunzo ya miezi sita, na kimetoka huko na imani moja: kuki ni mambo ya wazee, msee wa kisasa anatumia tokeni. Ukimwuliza tokeni yenyewe anaiweka wapi, anakujibu bila kupepesa macho: localStorage. Anavyolitamka utadhani anataja mtaa anaoishi wa watu wenye pesa.

Nitasema msimamo wangu mapema ili usinitafute. Kama unaunda tovuti ambayo mtu anaingia kwa jina na paswadi, na anaitumia kupitia brauza, sesheni yake iweke kwenye kuki. Kuki ya seva yako mwenyewe, iliyofungwa vizuri, yenye namba isiyobashirika na isiyo na maana yoyote kwa mtu mwingine. Ukiniletea sababu nzuri ya kufanya tofauti nitakusikiza. Lakini "kila mtu anafanya hivyo" si sababu, na "ni ya kisasa" ni sababu ya kununua viatu.

Hebu turudi nyuma kidogo, maana wengi wanaitukana kuki bila kujua ilizaliwa kwa shida gani. HTTP, ile lugha ambayo Tim Berners-Lee aliibuni akiwa CERN, haina kumbukumbu. Iliundwa kuchukua nyaraka: omba ukurasa, pewa ukurasa, kwaheri. Ukirudi sekunde moja baadaye, seva haikujui. Fikiria mama mboga ambaye kila ukigeuka anakusahau. Umechagua nyanya, ukanyoosha mkono kuchukua kitunguu, anakuuliza wewe ni nani na nyanya hizi ni za nani. Hapo huwezi kufanya biashara.

Mwaka 1994 kijana wa Netscape aitwaye Lou Montulli alikuwa anatafuta njia ya kutengeneza kikapu cha ununuzi, kwa ajili ya mteja ambaye hakutaka seva zake zibebe manunuzi ambayo hayajakamilika. Akaja na wazo dogo. Seva inaipa brauza kipande cha maandishi, brauza inakihifadhi, na kila inaporudi kwa seva hiyo inakirudisha. Basi. Hakuna siri nyingine. Kabla ya hapo, na kwa miaka mingi baadaye kwa wale wakaidi, watu walikuwa wanaweka namba ya sesheni ndani ya anwani yenyewe, ile unayoiona juu kwenye brauza. Ukimtumia rafiki yako linki ya kiatu ulichokipenda, umemtumia na akaunti yako. Wazee wa PHP wanajua ninachosema.

Halafu wafanyabiashara wa matangazo wakaona mlango. Kama tovuti ya habari inabeba picha iliyotoka kwa kampuni ya matangazo, basi hiyo kampuni nayo inaweza kuiachia brauza yako kuki, na kampuni ileile ikiwa na picha kwenye tovuti elfu moja, inakuona kwenye zote elfu. Hapo ndipo mdaku alipoingia nyumbani. Na si ati hakuna aliyeona. Kiwango cha kwanza cha kuki, RFC 2109 cha mwaka 1997, kilisema brauza zisiruhusu kuki za watu wa tatu kwa kawaida, mpaka mtumiaji mwenyewe akubali. Netscape na Microsoft walikisoma, wakakiweka kando. Safari ilikuja kuzifunga zote kabisa Machi 2020. Google iliahidi Januari mwaka huohuo kwamba itaziondoa ndani ya miaka miwili, ikaahirisha, ikaahirisha tena, na Julai 2024 ikasema imebadilisha mawazo. Kampuni inayoishi kwa matangazo kusitasita kuua chombo cha matangazo, nani alishangaa?

Kuki hizo za watu wa tatu mimi sizitetei. Zife. Ninachokataa ni kuchoma nyumba nzima kwa sababu panya mmoja amepita jikoni.

Kuki ya sesheni ni kitu kingine kabisa. Umewahi kuingia supamaketi mjini na begi mgongoni? Mlangoni pale askari anakuonyesha kaunta, unaacha begi, unapewa kibati cha plastiki chenye namba. Sema 47. Hicho kibati hakisemi jina lako, hakisemi begi lina nini, hakijui unakaa Umoja ama Lavington. Begi liko ndani, kwenye rafu namba 47. Ukitoka unarudisha kibati, unapewa begi, na 47 inakuwa haina maana tena. Kuki ya sesheni ndiyo hicho kibati. Habari zako zote ziko kwa seva. Kilichoko kwenye simu yako ni namba tu. Tofauti ni kwamba haiwi 47, inakuwa mfuatano mrefu wa herufi ambao hakuna mtu atakayeukisia.

Sasa hiyo tokeni inayosifiwa, JWT, iliyopata kiwango chake mwaka 2015, inafanana na nini? Inafanana na barua ya chifu. Barua inasema: huyu ni fulani, namfahamu, ana ruhusa ya kufanya hili na lile, mpaka tarehe fulani. Chini kuna muhuri. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuipeleka ofisi yoyote, wakaangalia muhuri, wakakuhudumia bila kumpigia chifu simu. Huo ni uzuri wa kweli, siudharau. Kama una seva kumi na mbili zinazoongea zenyewe kwa zenyewe usiku wa manane, barua za chifu ni jambo jema. Zipeane barua.

Lakini chifu akigundua saa nne kwamba yule mtu ni mwizi, barua anairudisha vipi? Hairudi. Iko mfukoni mwa mwizi, muhuri ni halali, tarehe haijafika. Kila ofisi itaiheshimu.

Hii si nadharia. Mwaka juzi niliitwa na chama kimoja cha akiba na mikopo, jina tuliache, kuangalia mfumo wao mpya. Afisa wa tawi mmoja alikuwa amesimamishwa kazi asubuhi, na akaunti yake ikafungwa palepale. Kwenye skrini ya msimamizi ilisoma "haitumiki", kwa rangi nyekundu, safi kabisa. Jioni rekodi zilionyesha kwamba akaunti hiyohiyo imeshinda ikifungua faili za wanachama mmoja baada ya mwingine. Paswadi yake ilikuwa imekufa. Tokeni yake ilikuwa hai, ilipewa uhai wa siku 30, na seva ilikuwa inaangalia muhuri peke yake. Waliotengeneza mfumo wakashauri kitu kimoja tu kilichowezekana siku hiyo: kubadilisha ufunguo wa muhuri. Ukibadilisha ufunguo, barua zote zilizowahi kuandikwa zinakuwa karatasi za kufungia mandazi. Wakabadilisha. Watu wa matawi yote wakatupwa nje ya mfumo, mwisho wa mwezi, foleni imefika mlangoni. Mama mmoja aliyekuja kutoa karo ya mtoto alikaa pale kwenye benchi kuanzia asubuhi mpaka saa nane.

Ukimweleza hayo mpenzi wa JWT, ana jibu. Anasema: weka orodha ya tokeni zilizofutwa, na kila ombi likija, seva iangalie orodha kwanza. Sawa. Sasa ndugu yangu, ukishakuwa na orodha ambayo lazima uiangalie kwa kila ombi, umefanya nini? Umerudi kwa sesheni. Umetoka Nairobi kwenda Thika kupitia Narok. Na mwingine ataniambia kusoma sesheni kutoka hifadhidata kwa kila ombi kunachelewesha tovuti. Ni tovuti ileile iliyobeba picha ya megabaiti 4 ukurasa wa mbele, ya watu wa kigeni wakipeana mikono. Kwanza, kabla ya kumjibu mtumiaji karibu kila mara unasoma habari zake kwenye hifadhidata hata hivyo. Hiyo namba moja zaidi haikuui.

Angalia waliofanya kwa ukubwa. Septemba 2018 Facebook waligundua kwamba wezi walikuwa wametumia hitilafu kuiba tokeni za kuingilia akaunti, wakakadiria akaunti milioni 50, hesabu ambayo baadaye ilishuka hadi karibu milioni 30. Walifanya nini siku ile? Walizifuta tokeni, wakawatoa nje watu kama milioni 90, wakawaambia waingie upya. Waliweza kwa sababu moja: mwisho wa siku ni seva yao iliyokuwa inaamua tokeni ipi ni hai. Kama zingekuwa barua za chifu za mwezi mmoja, wangekaa wakisubiri tarehe zifike.

Hayo yote ni kuhusu kibati na barua. Bado hatujafika kwa swali linaloniudhi zaidi, la mahali pa kuweka. Maana hata hiyo JWT ukiipenda kufa, unaweza kuiweka ndani ya kuki. Hakuna sheria inayokataza. Wale wanaosema "kuki ama JWT" wanalinganisha mfuko na hela. Ugomvi wangu hasa ni na localStorage.

localStorage ni meza iliyo katikati ya kibanda. Skripti yoyote inayoendeshwa kwenye ukurasa wako inaweza kusoma kilichoko juu yake. Yoyote. Siyo yako peke yako. Hesabu basi skripti zilizoko kwenye tovuti yako: ya kuhesabu wageni, ya kisanduku cha mazungumzo pale pembeni, ya ramani, ya matangazo, na ile maktaba uliyoichukua kwa sababu ilikuwa na nyota nyingi. Kila moja imesimama karibu na meza. Unawaamini wote? Na waliowaandikia unawaamini? Na watakaozinunua kampuni zao kesho?

Swali hilo la mwisho si mzaha. Kulikuwa na huduma iitwayo Polyfill, kwenye domeni ya polyfill.io, iliyosaidia brauza za zamani kuelewa JavaScript mpya. Tovuti nyingi ziliichomeka mstari mmoja wakaisahau. Mapema mwaka 2024 domeni ikapata mwenyewe mpya. Kufikia Juni ilikuwa inawatumia wageni wa tovuti hizo kodi chafu, na waliokuwa wameichomeka ni zaidi ya tovuti 100,000. Wenye tovuti hawakubadilisha hata herufi moja. Mwaka 2018 wezi walibadilisha skripti moja kwenye tovuti ya British Airways, wakawa wanachota namba za kadi za wateja wakati wa kulipa. Mdhibiti wa data wa Uingereza alikuja kuitoza kampuni hiyo faini ya pauni milioni 20. Kama skripti inaweza kusoma unachoandika kwenye fomu, itashindwaje kusoma mezani?

Kuki ina kitu kinaitwa HttpOnly. Microsoft waliileta mwaka 2002 kwenye Internet Explorer 6, nao ndio wale tunaowacheka. Ukiandika neno hilo moja kwenye kuki yako, JavaScript haiioni tena. Iko, inaenda na kurudi kwa seva, lakini skripti ikiuliza inaambiwa hakuna kitu. Kibati kimeshonewa mfuko wa ndani. Mwizi akipenyeza skripti yake kwenye ukurasa wako, hawezi kuondoka nacho akakitumie nyumbani kwake kesho na keshokutwa.

Tuwe wakweli hapa, kwa sababu najua kuna mtu ameshaanza kuandika jibu. HttpOnly haimzuii mwizi aliyeko ndani kufanya mambo akiwa ndani. Mwaka 2005 Samy Kamkar aliandika skripti ndogo kwenye ukurasa wake wa MySpace, na ndani ya saa 20 hivi zaidi ya watu milioni moja walikuwa wamemwongeza kama rafiki bila kutaka. Hakuhitaji kuiba kuki ya mtu. Aliitumia brauza ya mtu mwenyewe. Kwa hivyo ndiyo, ukiacha skripti chafu ziingie, una shida. Lakini kati ya mwizi anayeweza kukusumbua ukiwa umefungua ukurasa, na mwizi aliyeondoka na ufunguo wa siku 30, mimi najua ni yupi ningependa kukutana naye.

Kuna na hili ambalo watu wa tokeni huwa wananyamaza wakilisikia. Ile Machi 2020 Safari ilipofunga kuki za watu wa tatu, ilitangaza pia kwamba kitu chochote kilichohifadhiwa na skripti, localStorage ikiwemo, kitafutwa kama mtu ametumia Safari siku saba bila kuigusa tovuti hiyo. Kuki iliyowekwa na seva yako haikuguswa na amri hiyo. Yaani chombo cha kizamani ndicho kinachodumu, cha kisasa ndicho kinachowatupa nje watumiaji wako wa iPhone waliorudi baada ya wiki mbili za ushago. Na upande wa pili wa mfuko, kuna bado watu wanaobana bando kwa Opera Mini. Kwenye hali yake ya kubana sana, ukurasa hupikwa kwanza kwenye seva za Opera, na JavaScript nyingi hufia hukohuko. Mfumo wa kuingia unaotegemea JavaScript kila hatua utawaambia hao watu nini? Kuki na fomu ya kawaida zinafanya kazi.

Basi kuki ina ubaya gani? Inao, na mpinzani mwenye akili ataanzia hapo. Brauza huituma yenyewe. Hakuna anayeiuliza. Ukiwa umeingia kwenye tovuti ya chama chenu, halafu ukafungua ukurasa mwingine wa hovyo uliotumiwa kwa WhatsApp, ukurasa huo unaweza kuiagiza brauza yako ipeleke fomu kwa tovuti ya chama: tuma shilingi elfu kumi kwa namba hii. Brauza kwa utiifu wake inabandika kuki na kupeleka. Seva inaona kibati halali, inatii. Kwa miaka mingi hilo lilikuwa donda la kweli, na tokeni ya localStorage haina donda hilo kwa sababu lazima skripti yako iichukue kwa mkono.

Lakini donda lina dawa, na dawa ni ya zamani kuliko huu ugomvi. Django na Rails na Laravel zinaweka namba ya siri ndani ya kila fomu ambayo ukurasa wa hovyo hauwezi kuijua. Juu ya hapo kuna SameSite, ambayo Chrome ilianza kuielewa mwaka 2016: unaiambia brauza kuki hii isitumwe kama ombi linatoka tovuti nyingine. Februari 2020 Chrome ikaanza kuifanya kuwa kawaida kwa kuki ambayo haijasema lolote, ikasimamisha Aprili kwa sababu ya Covid isije ikavunja tovuti za hospitali na serikali, ikaendelea Julai. Hata hivyo usingoje brauza ikufikirie. Andika SameSite=Lax mwenyewe, na usikubali linki ya kawaida ibadilishe kitu chochote kwa seva. Linki isome tu. Kubadilisha kufanywe na fomu. Hayo ni mambo ya alasiri moja. Kuondoa kila skripti ya mtu mwingine kwenye tovuti yako ni vita ya maisha.

Nimegundua pia kwamba chuki nyingi ya kuki hapa kwetu haitokani na usalama kabisa. Inatokana na bei ya domeni. Kijana anajenga mradi wake wa kwanza, ukurasa wa mbele anauweka kwenye anwani ya bure ya kampuni moja, API anaiweka kwenye anwani ya bure ya kampuni nyingine. Anajaribu kuki, haifiki. Anabadilisha hiki na kile usiku kucha, haifiki. Saa tisa za usiku anapata jibu mahali: tumia localStorage. Inafanya kazi! Kutoka siku hiyo kuki ni takataka. Manze, kuki haikuwa imeharibika. Hizo ni tovuti mbili tofauti mbele ya brauza, kwa hivyo kuki yako imekuwa ya mtu wa tatu, na imefungwa kama ilivyopaswa. Nunua domeni moja ya .co.ke, weka mbele kwenye app, weka API kwenye api, chini ya jina lilelile, na ghafla mambo yananyooka. Bei yake kwa mwaka unaila na rafiki yako kwa chakula kimoja cha mchana mjini.

Na lile bango la "tunatumia vidakuzi, je, unakubali?" tafadhali. Lilitoka kwa sheria ya Ulaya, agizo la mwaka 2002 lililorekebishwa 2009, na sheria hiyohiyo inasema kitu ambacho ni cha lazima kabisa kwa huduma aliyoomba mtumiaji hakihitaji ruhusa. Kuki ya kumweka mtu ndani ya akaunti yake baada ya kuandika paswadi ni ya lazima kabisa. Naona tovuti za Kenya, za kuuza sufuria Gikomba, zikimwuliza mteja wa Buruburu ruhusa ya kuki ya kikapu, na chini yake zimechomeka skripti tatu za matangazo ambazo hazikumwuliza mtu. Sheria yetu ya Kulinda Data ya 2019 inajali unachofanya na habari za watu, si jina la chombo. Ukimfuatilia mtu kwa localStorage bado unamfuatilia. Udaku ni tabia.

Anayelipia ubishi huu wote ni mtu wa saiba. Bado wapo, nenda River Road uone. Mtu amekuja kujaza fomu ya serikali kwa kompyuta ya shilingi moja kwa dakika, na dakika zimeisha, na anakimbilia matatu. Akibonyeza "toka", neno hilo lina maana gani kwenye mfumo wako? Kama umejenga kwa barua ya chifu iliyoko mezani, kutoka kunamaanisha skripti imeondoa nakala moja mezani, na nakala nyingine yoyote iliyochukuliwa kabla bado ni hai. Kama umejenga kwa kibati, seva imefuta namba 47 na hata aliyeinakili anabaki na plastiki. Na asipobonyeza? Usidanganywe kwamba kuki isiyo na tarehe inakufa mtu akifunga brauza. Brauza nyingi siku hizi zikifunguliwa zinarudisha kila kitu kilivyokuwa, kuki hizo pia. Kwa hivyo saa ya kufa iwe kwa seva. OWASP wanapendekeza dakika 2 hadi 5 za ukimya kwa mifumo ya hatari kubwa, 15 hadi 30 kwa mingine. Na tafadhali usifunge sesheni kwa anwani ya IP ukidhani umekuwa mjanja. Simu ya Mkenya inatoka kwenye data kuingia waifai ya ofisini kurudi kwenye data ndani ya lifti moja, na mtandao wa simu unawapa watu wengi IP moja. Utamtupa nje mteja wako mara tano kabla ya chai.

Kuki yenyewe basi iwe na HttpOnly, iwe na Secure ili isitembee kwa HTTP tupu, iwe na SameSite, jina lake lianze na __Host- ili dada yake wa domeni ndogo asiweze kuibadilisha, na namba mpya itolewe kila mtu anapoingia. Hiyo Secure usiichukulie kawaida. Oktoba 2010 Eric Butler alitoa kijiprogramu cha Firefox kilichoitwa Firesheep. Ulikuwa unakaa kwenye mkahawa wenye waifai ya wazi, unabonyeza kitufe, na picha za watu walioko pale wanaotumia Facebook na Twitter zinajipanga pembeni. Unabonyeza sura ya mtu, unakuwa yeye. Kuki ziliibwa, ndiyo. Lakini zilizokuwa uchi ni tovuti zenyewe, kwa kukataa HTTPS ya mwanzo hadi mwisho, na tokeni ya aina yoyote ingesikika hewani vilevile.

Linabaki pingamizi moja ambalo sina la kulishinda, nina la kulipunguza tu. Programu chafu ikishaingia kwenye kompyuta yako inaweza kunyakua faili la kuki za brauza lote. Machi 2023 ndivyo chaneli kubwa ya YouTube, Linus Tech Tips, ilivyotekwa: mfanyakazi alifungua faili lililojifanya ofa ya udhamini, sesheni zikaibwa, na wezi wakaanza kurusha utapeli wa sarafu za kidijitali bila kujua paswadi ya mtu. HttpOnly haisaidii hapo. localStorage nayo haisaidii, faili lake liko kwenye diski ileile. Google wamekuwa wakijenga tangu 2024 njia ya kuifunga sesheni kwa kifaa chenyewe, ili kuki iliyoibwa ishindwe kutumika kwenye kompyuta nyingine, na nia yao hapo naiunga mkono.

Mpaka hiyo ienee, angalia M-Pesa inavyofanya tangu 2007. Laini iko ndani ya simu, simu iko mkononi, mtandao unakujua kabisa, na bado ukitaka kutuma hata shilingi hamsini inakuuliza PIN. Kibati kinatosha kumwonyesha mtu salio na historia yake. Akitaka kuhamisha pesa, kubadilisha namba ya simu ama kubadilisha paswadi, mwulize tena.